Kocha Aliyeogopa Pai ya Bibi Yangu

Kuna mtu mzima, kocha wa chuo, mwenye mke na watoto wawili, aliwahi kukaa saa tatu kwenye zizi letu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiogopa kipande cha pai.

Sitanii. Kamera ya zizi ilirekodi, video ninayo mpaka leo.

Na kwa ajili ya hicho kipande, nusura nikose chuo.

Vuteni viti. Atakayeruka katikati asije kwenye maoni kuniuliza "kwani ilikuwaje", sitamjibu.

Naitwa Maren Tollefsrud. Kwetu ni Minnesota, juu kabisa kaskazini, kule ambako Januari ukisahau kufunga kope nje zinajifunga zenyewe. Nyumbani tuko watatu: mimi, baba yangu Duane, na bibi yangu mzaa baba, Arlys, miaka themanini na moja. Ukihesabu na ng'ombe tuko sitini na kitu.

Mimi narusha tufe. Lile dude la chuma la kilo nne. Nimebeba ndoo za maziwa tangu darasa la pili, kwa hiyo tufe kwangu ni kama mtu amenipa chungwa akasema litupe mbali.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, chuo kilichonifuatilia kwa dhati kilikuwa kimoja tu. Chuo cha Ellsbury. Nafasi ya udhamini kwa mrusha tufe ilikuwa imebaki moja. Ukiipata, unasoma miaka minne bure. Ukiikosa, kwa upande wangu, ni kubaki kukamua.

Nawapenda ng'ombe. Lakini si kwa kiwango hicho.

Kocha wao aliitwa Pruitt. Mtu wa Texas, anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto, na hapa duniani anaogopa kitu kimoja tu: Kitabu.

Kitabu ni sheria za jinsi vyuo vinavyoruhusiwa kuwatafuta wanamichezo. Kinene kama tofali. Kila chuo kina ofisi ya kukilinda, na pale Ellsbury ofisi hiyo ni mtu mmoja anaitwa Mama Beck.

Nilikutana na Mama Beck siku niliyokwenda kukiangalia chuo. Asubuhi nikapewa mkate wa duara, mkavu. Nikaona kikopo cha jemu mezani, nikanyoosha mkono.

Mkono wa Mama Beck ukafika kabla ya wangu.

Akanieleza kwa upole kabisa kwamba mkate mtupu ni kitafunwa. Ukipaka jemu, unakuwa mlo. Na milo yangu kwa siku hiyo ilikuwa imeshapangwa, huo haumo.

Nikautafuna mkate mkavu mbele ya watu sita. Kocha Pruitt alikuwa ananiangalia kwa huruma, lakini hakuthubutu hata kunisogezea maji.

Sasa hicho Kitabu kinasema kocha anampigia mwanamichezo simu mara moja tu kwa wiki. Moja. Ukishakata, mpaka wiki ijayo.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Kwetu, mtu akikupa kitu, hupokei. Unakataa. Akikupa tena, unakataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Ya tatu ndiyo unapokea, huku unalalamika kwamba amejisumbua sana. Mtu anayepokea ya kwanza, watu wanaangaliana: huyu kalelewa wapi?

Hakuna aliyenifundisha. Ni kama kupumua.

Wiki ya kwanza kocha akapiga. Akasema, "Maren, nafasi ni yako ukiitaka."

Moyo ukaruka mpaka kwenye meno. Mdomo ukasema, "Ah, kocha, msijisumbue. Watakuwepo wanaostahili kuliko mimi."

Bibi alikuwa anasikiliza huku anamenya viazi. Akatikisa kichwa, ameridhika. Mtoto ana adabu.

Wiki ya pili akapiga tena. Akaniambia bado ananifikiria. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli hata wakimpa mwingine mimi nitaridhika tu. Nikamsikia anavuta pumzi. Akaniaga vizuri, akakata.

Bibi akanipigapiga bega. Bado moja.

Wiki ya tatu nikachana nywele, nikavaa sweta jipya, nikakaa na simu. Kwa ajili ya simu, yaani, si video. Nilichanganyikiwa hivyo.

Haikuja.

Nikapekua, nikagundua kimeanza kile wanachokiita kipindi cha kimya. Siku kadhaa kocha haruhusiwi kumpigia mwanamichezo wala kuonana naye wala na wazazi wake. Wakigongana kwa bahati mbaya, anasalimia, anapita. Kinaisha Jumatatu saa mbili asubuhi.

Sikuwa na wasiwasi hata punje. Nikajisemea, kimya kikiisha ataniuliza ya tatu, nitasema ndiyo, tutakula keki.

Jumamosi, saa sita mchana, gari likaserereka barabarani, likazunguka kama mtu anayetafuta funguo zake, likaingia mtaroni. Pua ikasimama kwenye sanduku letu la barua.

Nilikuwa dirishani jikoni. Nikaiona ile kofia ya Kitexas ya kocha Pruitt. Nikaona na vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu vimefungwa juu ya gari, akili ikanijia: alikuwa anatoka ziwani kujipumzisha zake.

Nikamwona anaegemea kusoma jina kwenye sanduku la barua.

Nikamwona anafumba macho.

Baba akatoka na koleo. Kwetu mtu akiwa mtaroni huulizi jina, unamtoa, unampa kahawa, ndipo mnafahamiana. Akagonga kioo. Kioo kikashuka kiasi cha kidole.

"Habari za mchana," kocha akasema. Kioo kikapanda.

Baba akasimama pale. Akagonga tena.

"Habari za mchana." Kikapanda tena.

Baba akarudi ndani kupangusa theluji kwenye ndevu. Akasema yule bwana amejigonga kichwa, tuite daktari.

Nikamwambia, baba, yule ndiye kocha wa Ellsbury, na Kitabu kinamruhusu salamu tu.

Baba akanitazama. Akamtazama bibi. Akasema, "Basi amesalimia vizuri."

Shida ni kwamba trekta nalo liligoma. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, dizeli imeganda kama mafuta ya nguruwe. Kuipasha moto ni saa tatu. Gari la kuvuta magari la mjini lilikuwa na watu kumi na wanne mtaroni kabla yetu. Na kocha mafuta ya kuendeshea hita ya gari yalikuwa yanaelekea mwisho.

Ndipo akampigia Mama Beck, akaiweka simu kwenye spika, akaishikilia kwenye ule upenyo wa kioo ili baba aongee na simu, si na yeye.

Baba anasimulia hii kila Krismasi. Anasema ameongea na mkono wa mtu.

Mama Beck akasema kocha haruhusiwi kuingia nyumbani kwa mwanamichezo. Baba akasema atakufa. Mama Beck akasema anaelewa. Baba akauliza, na zizini? Kuna joto la ng'ombe kule.

Wakasikia kurasa zinafunuliwa. Dakika ishirini nzima, baba anarukaruka kwenye theluji.

Hatimaye jibu likatoka: zizi si makazi. Anaweza kukaa, mradi Maren asiwemo. Na asishike kazi yoyote, maana kuisaidia familia ya mwanamichezo kazi ni kumpa zawadi.

Kwa hiyo baba akaenda kupasha moto trekta, kocha akakaa zizini juu ya ndoo, mikono kwenye magoti, na mimi nikafungiwa jikoni kwangu.

Ila Kitabu hakikujua kitu kimoja.

Sisi tuna kamera zizini. Ya kuangalia ng'ombe wanaokaribia kuzaa. Picha na sauti, vyote vinakuja kwenye simu yangu.

Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Bibi akavuta kiti. Tukaanza kutazama.

Tuna ng'ombe anaitwa Gudrun, ana tabia ya kuegemea watu. Akamwendea kocha moja kwa moja, akamwekea ubavu begani, akaanza kulamba kofia. Kocha akainua mikono yote miwili juu kama amekamatwa na polisi. Simu bado iko kwenye spika.

"Mama Beck, kuna ng'ombe ananiegemea. Mimi simfanyi kitu."

"Jivute pembeni," Mama Beck akasema. "Usimsukume. Kumsukuma ni kazi."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu Mama Beck, kwa kuwa naye alikuwa amekwama kwenye simu Jumamosi yake nzima, akaanza kumuuliza kocha mambo ya ofisini. Akamuuliza kwenye karatasi ya udhamini wa tufe, ile ya Jumatatu, anaandika jina la nani.

Kocha akashusha pumzi.

"Msichana wa Ohio. Saa sita mchana nasaini. Huyu wa hapa nilimtaka kuliko wote, lakini alinikatalia mara mbili. Siwezi kumlazimisha mtoto wa watu." Akamuaga Mama Beck, akakata simu.

Kicheko kikakatika jikoni.

Nyie, nilihisi mtu kanimwagia ndoo ya maji ya baridi kuanzia utosini. Kumbe yule mtu wa Texas alihesabu mara mbili akafunga hesabu. Kumbe kwao hapana ni hapana. Nchi gani hiyo?

Nikasimama nikimbilie zizini. Bibi akanishika mkono. Nikienda, kocha amevunja sheria, na mimi ndiye niliyemvunjisha.

"Kaa," akasema.

Akafungua jiko, akatoa pai ya tufaha. Akakata kipande kikubwa. Akavaa buti za babu na koti la baba. Nikamuuliza anakwenda kusema nini, maana hata yeye haruhusiwi kuongea habari za chuo.

"Mimi sina habari na chuo," akasema. "Napeleka pai."

Kwenye simu yangu nikamwona anaingia zizini, sahani mkono mmoja, bakuli la krimu mkono wa pili. Kocha akasimama haraka, Gudrun nusura aanguke.

"Habari za mchana," kocha akasema.

Bibi akamkaribisha pai. Kocha akashukuru, akakataa. Bibi akamkaribisha tena, akamwambia bado ya moto. Kocha akaiangalia ile pai kwa namna ambayo mkewe asingependa kuona, akakataa tena.

Bibi hakuondoka. Akakaa kwenye tita la majani makavu, sahani mapajani.

"Umekataa mara mbili."

"Ndiyo, bibi. Naomba radhi."

"Ya nini? Ni adabu hiyo. Huku kwetu mtu akikataa mara mbili hajakataa. Ni heshima tu. Anasubiri aulizwe ya tatu."

Kocha akahesabu kwa vidole: moja, mbili.

Gudrun akalamba kofia. Kocha hakumjali.

"Kila mtu?" akauliza, polepole.

"Kila mtu. Na hasa watoto niliowalea mimi." Bibi akamsogezea sahani. "Haya, pai utakula?"

"Nitakula, bibi. Nitakula kabisa."

Alikula kama mtu aliyetoka jela. Mimi jikoni nilikuwa nalia na kucheza kwa wakati mmoja, sijui nilionekanaje, bahati nzuri hakuna kamera kule. Saa kumi trekta likawaka, baba akamvuta mtaroni, kocha akashusha kioo, akatuangalia wote watatu, mimi nikiwa dirishani, macho yanang'aa.

"Habari za mchana," akasema. Akaondoka.

Mngeishia hapo mngesema stori tamu. Mimi pia nililala nikijua Jumatatu saa mbili na dakika moja simu italia.

Jumapili, tumetoka kanisani, simu ya mezani ikalia. Mama Beck. Anamtaka bibi. Tukaiweka kwenye spika.

Kumbe kocha alijishtaki. Mwenyewe. Alifika nyumbani akajaza fomu kwamba amekula pai kwa familia ya mwanamichezo kipindi cha kimya. Hakuna aliyemwona zaidi yetu na ng'ombe, na bado akajaza fomu. Niambieni, mnamjua mtu wa hivyo?

Mama Beck akamweleza bibi kwamba pai tupu ni kitafunwa, mtu amekwama kwenye baridi, hapo hamna kesi. Ila fomu ina swali moja ambalo kocha ameliacha wazi kwa sababu anasema hakumbuki vizuri.

Ilikuwa na krimu?

Maana ikiwa na krimu, ni mlo.

Nikamwashiria bibi kwa mikono yote. Kichwa. Miguu. Sema hapana, bibi.

Bibi yangu hajawahi kudanganya tangu vita vya dunia, na hata wakati huo alikuwa mtoto.

"Nilimuuliza kama anataka krimu," akasema. "Akakataa mara mbili."

Tukasikia kalamu ya Mama Beck inasimama. "Na ya tatu?"

"Ya tatu akapokea. Anajifunza haraka, yule kijana."

Adhabu ikaja pale pale. Kocha Pruitt haruhusiwi kumpigia mwanamichezo yeyote mpaka Jumanne. Na karatasi inakwenda Jumatatu saa sita mchana. Na bila mimi kutamka kwa kinywa changu kwamba nimekubali, jina langu haliandikwi. La yule msichana wa Ohio liko mezani, yeye ameshakubali.

Bibi akauliza kama hakuna njia. Mama Beck akasema yeye hatoi ushauri. Akasema lakini akae kwenye simu, kuna kifungu angependa kukisoma kwa sauti, kwa faida yake mwenyewe. Akakisoma. Kinahusu kocha kupiga simu. Akakirudia.

"Kuhusu kocha kupigiwa," akasema, "sioni kitu humu." Akaaga.

Kwa hiyo ilikuwa juu yangu. Nipige mwenyewe. Niombe kitu ambacho sijaulizwa mara ya tatu.

Nyie mnaosoma hapa mnaona kitu chepesi. Kwetu ni sawa na kuingia jikoni kwa jirani, kufungua sufuria na kuuliza mnapakua saa ngapi.

Jumatatu saa mbili kimya kiliisha. Nikakaa mezani na simu. Saa tatu. Saa nne. Nikiandika namba, nafuta. Baba alipita mara tatu akijifanya anatafuta bisibisi. Bibi alikuwa anafuma soksi.

Saa tano na nusu bibi akageuza kiti chake kikaelekea ukutani.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Piga."

Nikapiga. Ikaita mara moja tu.

"Kocha, ni Maren Tollefsrud. Ile nafasi naitaka."

Bibi akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

Halafu ile sauti ya Texas, taratibu.

"Ah, Maren. Usijisumbue."

Nikaibana simu sikioni.

"Kocha, nasema naitaka kweli."

"Una kazi nyingi huko zizini. Kwa kweli sisi hata tukimpa mwingine tutaridhika tu."

Nikaangalia saa ya ukutani. Sita kasoro dakika ishirini. Ile sentensi ya mwisho inazunguka kichwani, naifahamu, nimeisikia wapi?

Ni yangu. Neno kwa neno.

Amenikatalia mara mbili.

Nikashika meza. "Kocha, kwa mara ya tatu. Naitaka hiyo nafasi."

"Basi sawa," akasema. "Kama huoni taabu."

Nyuma yake mwanamke akaangua kicheko, cha mtu ambaye hajacheka ofisini miaka mingi. Nikajua ni nani.

Bibi, uso bado ukutani, akasema, "Huyo sasa amelelewa."

Leo niko mwaka wa pili pale pale Ellsbury. Wageni wakija kukiangalia chuo, mimi ndiye ninayewagawia ule mkate mkavu. Jemu inafungiwa ofisini kwa Mama Beck, na funguo anazo yeye. Hii stori pia ameipitia kabla sijaiposti. Amefuta sentensi moja tu, ile inayotaja krimu ilikuwa vijiko vingapi.

Nilichojifunza ni hiki. Adabu ni nzuri, na mimi bado ninayo, kwenye pai. Lakini kitu kinachobeba maisha yako, mtu akikuuliza unakitaka, sema nakitaka, hapo hapo, simu ikiwa bado haijakatwa. Yule anayekuuliza anaweza kuwa hajui kuhesabu mpaka tatu.

Na bibi? Wiki niliyosajiliwa aliwatumia pai nzima kwa posta, shukrani kwa ofisi. Mama Beck akairudisha na barua ya heshima, Kitabu hakiruhusu. Bibi akaituma tena. Ikarudi tena.

Bibi akaiweka kwenye friza, akatabasamu.

Juzi nilipokwenda nyumbani likizo, friza ilikuwa tupu. Nikauliza pai iko wapi.

Akasema iko njiani.